Sura ya 4: Madogo, Dabel na Bahari Iliyofungwa

Ukitoka Mwingi kuelekea Garissa, nchi hubadilika njiani. Mpaka Ukasi bado kuna vilima vya mawe vinavyochomoza kimojakimoja juu ya vichaka, mawe ya kijivu na waridi yenye mistari iliyokunjwakunjwa. Mbele ya hapo vilima vinaanza kupungua, na ukishapita Bangale vimekwisha. Kilichobaki ni tambarare: udongo mwekundu, migunga, mathenge, mbuzi, na laga ambazo karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, kisha kwa siku chache zinakuwa mito ya kubeba magari. Tambarare hiyo haikatiki hadi Madogo, ukingoni mwa Tana, ambako daraja linakuvusha kuingia Garissa.

Abiria wengi husinzia kipande hicho cha njia. Ningependa msomaji wa sura hii akae macho, kwa sababu pale vilima vinapopotea ndipo lilipo jibu la swali ambalo mtu yeyote wa nchi kavu ya Kenya ana haki ya kuliuliza. Kule Dabel, katika Moyale, watu wamechimba dhahabu kwa sururu na nyundo. Madogo ni kame kama Dabel, jua lake ni lilelile, na mchanga wake ni mwingi kuliko wa Dabel. Kwa nini basi huku hakuna?

Tuanze kwa kuondoa dhana moja. Jangwa halizai dhahabu. Dhahabu nyingi ya nchi kavu ilikuwa imeshakaa ndani ya mwamba mamia ya mamilioni ya miaka kabla ya jangwa lenyewe kuwepo. Kazi ya jangwa ni kufunua. Pasipo na msitu wala udongo mzito, mwamba huonekana wazi. Mshipa wa jiwe jeupe hukatiza kilima na mtu akauona kutoka mbali. Upepo na mvua za ghafla hupeleka vilivyo vyepesi na kuacha vilivyo vizito. Ndiyo maana watu wamegundua dhahabu jangwani bila chombo chochote ila macho. Lakini jangwa haliwezi kufunua kilichozikwa chini sana, na Madogo imejengwa juu ya kaburi refu.

Vile vilima vya Ukasi ni sehemu ya mwamba wa kale ambao wanajiolojia huuita Ukanda wa Msumbiji. Ukienda mashariki mwamba huo haukomi. Unazama. Chini ya Madogo na Garissa umefunikwa na tabaka juu ya tabaka za mchanga, udongo wa mfinyanzi na chokaa. Bonde hili la mashapo linajulikana kama Bonde la Lamu, na lilianza kufunguka wakati Afrika ilipokuwa bado imeshikana na Madagaska. Zaidi kidogo ya miaka milioni 160 iliyopita Madagaska ilijitenga na mwambao wetu ikaanza kuteleza kuelekea kusini. Ukingo wa bara uliobaki nyuma ukalegea, ukashuka, na mito ikaanza kuujaza. Kuelekea baharini mashapo hayo yana unene wa kilomita kadhaa. Makampuni ya mafuta yaliyajua vizuri. BP na Shell walichimba visima kadhaa katika bonde hili miaka ya 1960, kikiwemo kisima cha Garissa mwaka 1968, kilichoshuka zaidi ya kilomita moja ardhini. Walikuwa wakitafuta mafuta, na hawakuyapata kwa kiasi cha kibiashara.

Kazi hiyo ya kujaza haijaisha. Mafuriko ya 1961, ya El Niño ya 1997, ya 2018, ya Novemba 2023 na ya Aprili 2024 yaliwapokonya watu wa Madogo nyumba, mashamba na hata jamaa zao, na kila mara maji yalipopungua yaliacha tope jipya. Anayefagia tope hilo nyumbani kwake anashughulika na jambo lilelile lililouzika mwamba wa kale. Tofauti ni muda tu.

Kuna wanaoweza kuuliza: kama mto hubeba mchanga kutoka juu, je, hauwezi kubeba na dhahabu? Ni swali zuri, maana ndivyo ilivyo mahali pengi duniani. Mto hubomoa mlima wenye mishipa, ukaileta dhahabu chini na kuitua kwenye kona zake. Lakini Tana huanzia Nyandarua na Mlima Kenya, na milima hiyo ni ya volkano, michanga mno kwa hesabu za jiolojia. Mlima Kenya una umri wa miaka kama milioni 3 tu. Baadaye mto unapita kwenye mwamba wa kale wa Tharaka na Kitui na kuokota huko kwatsi, punje nyeusi za madini ya chuma, na ulanga. Huo ulanga ndio unaometameta kwenye mchanga wa Tana jioni na kuwatia watu tamaa. Kuutambua ni rahisi. Weka mchanga kwenye karai lenye maji, uzungushe taratibu. Ulanga utaelea na kuruka na maji, kwa kuwa uzito wake ni chini ya mara tatu ya uzito wa maji ya ujazo uleule. Dhahabu ni mara 19. Ikiwepo, itang'ang'ania chini ya karai hata baada ya mchanga wote kumwagika.

Dabel ni habari nyingine. Huko mwamba wa kale haukuzama. Tena si mwamba wa kale wa aina yoyote, maana hata Ukasi ni wa kale na hakuna anayekimbilia Ukasi na sururu.

Zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita, kati ya mabara ambayo leo yameungana kuwa Afrika na jirani zake kulikuwa na bahari. Wanajiolojia huiita Bahari ya Msumbiji. Ndani yake kulikuwa na visiwa vya volkano vilivyopangana kwa safu, mfano wa vile vya Indonesia ya leo. Bahari hiyo ilifungwa polepole. Mabara yalisogeleana, sakafu ya bahari ikasukumwa chini, visiwa vikagandamizwa kimoja juu ya kingine, na kufikia miaka milioni 550 hivi iliyopita mgongano ulikuwa umemaliza kazi yake. Palipogongana pakainuka milima iliyoenea kutoka eneo la Bahari ya Shamu hadi Msumbiji. Milima yenyewe imekwishalika. Mizizi yake ndiyo tunayoikanyaga.

Katika mgandamizo huo, maji ya moto yaliyokuwa yamefungwa ndani ya miamba yalikamuliwa na kutafuta njia ya kupanda. Yalikuwa na joto la nyuzi 200 hadi 400 na zaidi, yamechanganyika na salfa, na salfa ina tabia ya kuishika dhahabu na kuiyeyusha majini. Dhahabu katika mwamba wa kawaida ni kidogo sana, miligramu chache tu kwa tani nzima ya jiwe. Lakini maji yanayopita kwenye kilomita nyingi za mwamba huokota kidogokidogo. Yakifika kwenye ufa, shinikizo hushuka ghafla, na kama soda inavyofoka kizibo kikifunguliwa, mchanganyiko ule huvurugika. Kwatsi huganda, salfa hujitenga, na dhahabu inakosa pa kujishikiza. Hutua papo hapo, ndani ya jiwe jeupe. Tetemeko jingine likija, ufa hufunguka tena na mambo hurudiwa. Mshipa mmoja unaweza kuwa umefunguka na kufungwa mara nyingi mno.

Kwa hiyo anayetafuta dhahabu hutafuta mambo mawili yakutane: miamba ya ile sakafu ya bahari na visiwa vyake, na nyufa kubwa zilizopita humo. Ukasi kuna miamba iliyopikwa chini mno ya ardhi, ikageuka na kukunjika kabisa. Moyale kuna mabaki ya bahari yenyewe: mawe ya kijani na meusi yaliyokuwa sakafu yake, yakiwa yamebanwa kati ya granaiti. Ukanda huohuo wa mawe unavuka mpaka kuingia Ethiopia hadi Adola, katika nchi ya Waguji, ambako dhahabu ya mitoni imeoshwa tangu miaka ya 1930. Hapo Adola ndipo ulipo mgodi mkubwa wa Lega Dembi, uliochukuliwa na kampuni ya MIDROC mwaka 1997. Mwaka 2018 shughuli zake zilisimamishwa baada ya wakazi kuandamana wakilalamikia madhara ya kiafya. Mpaka wa Kenya na Ethiopia ulichorwa jana tu. Mshipa hauujui.

Sitaki msomaji adhani Dabel ni simulizi ya mawe peke yake. Machimbo ya Hillo, huko Dabel, yalivuta watu kutoka pande zote mbili za mpaka, katika eneo ambalo polisi ni wachache na bunduki ni nyingi. Machi 2024 serikali iliyafunga baada ya mapigano yaliyoua watu. Amri ilitoka, lakini mashimo yalibaki pale pale, na njaa pia. Tarehe 24 Mei mwaka huohuo shimo liliporomoka, wachimbaji watano wakafa. Mvua ilikuwa imenyesha sana msimu ule. Ukuta wa shimo lisilo na nguzo ukiloa haumngojei mtu.

Ni vyema kueleza namna ukuta huo unavyokuwa hatari, kwa kuwa mara nyingi magazeti huishia kutaja idadi ya maiti. Mshipa hauendi wima. Hulala kwa pembe, na mchimbaji mdogo huufuata unakokwenda, kwa hiyo shimo lake huingia chini ya mwamba ambao haukushikiliwa na kitu. Mwamba wa juu jangwani umeoza, yaani hewa na maji vimekwisha kuulegeza kwa maelfu ya miaka hadi mita kadhaa chini. Ulegevu huo ndio unaomwezesha mtu kuchimba kwa mkono. Na huo ndio unaomwua. Kisha kuna zebaki. Jiwe likishasagwa, unga wake huchanganywa na zebaki, ambayo huikumbatia dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa motoni, na mvuke wake humwingia aliye karibu, mara nyingi mama anayepika jikoni humohumo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliandikwa kwa ajili ya watu kama hao. Kenya imeuridhia. Kuridhia na kumpa mchimbaji njia nyingine ya kupata dhahabu yake ni mambo mawili tofauti, na la pili ndilo linalongojewa.

Ukiufuata ukanda huohuo wa bahari iliyofungwa kuelekea kaskazini unafika Sudan na Misri, kwenye jangwa kati ya Nile na Bahari ya Shamu. Ni nchi ya mwamba mtupu na mabonde makavu. Hapo dhahabu ina kumbukumbu nyingi za maandishi kuliko karibu mahali pengine popote.

Katika jumba la makumbusho la Turin, Italia, kuna mafunjo yaliyochorwa mnamo mwaka 1150 KK, zama za Farao Ramesses IV. Ni ramani ya Wadi Hammamat, bonde kavu la jangwa hilohilo. Aliyeichora, mwandishi Amennakhte, aliweka barabara, kisima, nyumba za wachimbaji, hekalu la mungu Amun, na milima. Milima aliipaka rangi: mingine nyeusi, mingine ya waridi. Wanajiolojia wa leo waliopeleka ramani hiyo uwandani walikuta rangi zinalingana na aina za miamba. Hakuna ramani ya jiolojia ya zamani zaidi inayojulikana. Karibu miaka 3,000 kabla ya wataalamu wa Ulaya kuanza kuchora mawe kwa rangi, Mwafrika wa Bonde la Nile alishajua kwamba mlima wa aina fulani una dhahabu na wa aina nyingine hauna. Watoto wetu wangefundishwa jina la Amennakhte katika somo la jiografia.

Lakini zama hizohizo zina maandishi mengine, yaliyochongwa kwenye mwamba wa Wadi Hammamat. Yanataja msafara wa Ramesses IV wa watu zaidi ya 8,000 waliotumwa kuleta mawe ya ujenzi, na yanataja pia wafu 900. Karne nyingi baadaye, katika karne ya 2 KK, Mgiriki Agatharchides wa Knidos aliandika kuhusu migodi ya dhahabu ya jangwa hilo chini ya wafalme wa Ptolemaio. Maelezo yake yametufikia kupitia waandishi waliomnakili. Waliochimba walikuwa mateka na wafungwa, wengine pamoja na familia zao. Mwamba mgumu ulichomwa moto kwanza ili upasuke. Wavulana walipenya kwenye mianya midogo kuokota vipande. Wanaume walitwanga, wanawake na wazee walisaga, na unga ulioshwa juu ya ubao uliowekwa mshazari. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo popote Afrika Mashariki ataitambua kila hatua: kutwanga, kusaga, ubao wa mshazari. Hata mgawanyo wa kazi kati ya watoto, wanawake na wanaume haujabadilika sana.

Karibu na Marsa Alam, katika jangwa hilohilo, mgodi wa Sukari ulifufuliwa na kampuni ya Centamin, na dhahabu yake ya kwanza ikamwagwa mwaka 2009. Wachimbaji wa Mafarao na wa Kirumi walikuwa wamepita hapo, na Waingereza pia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Wote walifuata mishipa iliyoonekana kwa macho. Centamin walichukua kilima kizima, mwamba wa jamii ya granaiti wenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili, wakausaga wote pamoja na gramu chache za dhahabu kwa tani. Mwishoni mwa 2024 kampuni hiyo ilinunuliwa na AngloGold Ashanti. Mitambo mikubwa inaweza kufaidi palipo na gramu moja kwa tani. Mchimbaji wa sururu hawezi. Yeye anahitaji mshipa tajiri, na mshipa tajiri ni mwembamba. Hapo ndipo ugomvi wa Dabel unapozaliwa. Uzi mwembamba wa mali haugawiki kwa watu elfu bila mtu kuusimamia kwa haki.

Wa kusimamia ni nani? Kenya ilijibu swali hilo vibaya sana mara ya kwanza. Mwaka 1931 dhahabu ilipoonekana Kakamega, katika miamba yenye umri mkubwa zaidi kuliko wa Moyale, ya miaka bilioni 2 na zaidi, walowezi walimiminika huko. Sheria ya ardhi ya wenyeji ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba kipande cha ardhi ya Waafrika kikichukuliwa, watapewa kingine badala yake. Desemba 1932 serikali ya kikoloni iliibadilisha ili dhahabu isicheleweshwe: fidia ikawa fedha, na kuwauliza wenye ardhi kukaondolewa. Ahadi iliyoitwa ya milele ilidumu miaka miwili.

Katiba ya 2010 inayaweka madini mikononi mwa umma. Sheria ya Madini ya 2016 inamtambua mchimbaji mdogo, inamtaka awe na kibali, na inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Kwa maandishi, huo ni umbali mkubwa kutoka 1932. Ila mrabaha hulipwa na mwenye kibali. Dhahabu inayotoka shimoni usiku, ikauzwa kwa dalali na kuvuka mpaka, haina asilimia 10 ya mtu. Kwa hiyo kuyafunga machimbo bila kuwapa wenyeji kibali ni kuwanyima mara mbili: usalama na fungu lao.

Sasa turudi Madogo, maana sheria hiyo inawahusu watu wa Tana River, kaunti yenye Madogo, zaidi ya inavyodhaniwa. Nimesema jangwa halizai dhahabu. Kuna madini ambayo jangwa huyazaa kweli, nayo ni jasi. Maji ya chini ya ardhi hubeba chokaa na salfa zilizoyeyuka. Jua kali linapoukausha udongo, maji hupandishwa kupitia matundu madogo ya udongo wa mfinyanzi hadi karibu na uso wa nchi, yakageuka mvuke, yakaacha fuwele. Mvua nyingi ingeziosha zikaenda zake. Ukame huzihifadhi. Fuwele huongezeka mwaka hadi mwaka mpaka zikawa tabaka linaloweza kuchotwa kwa koleo, mita chache tu chini. Bonde lenye mashapo ya mfinyanzi, mto unaofurika na jua la mwaka mzima ndiyo mazingira yanayofaa.

Jasi ya Kaunti ya Tana River huondoka kwa malori kwenda viwanda vya saruji. Saruji bila jasi haifai kitu. Ukichanganya na maji hukakamaa kabla fundi hajaushika mwiko. Viwanda husaga klinka pamoja na jasi ya asilimia 3 hadi 5 hivi, na hiyo humpa fundi saa za kufanya kazi. Kila ghorofa linalojengwa Nairobi au Mombasa lina jasi kidogo ndani ya nguzo zake.

Jasi hailetei mtu ndoto za utajiri wa usiku mmoja. Huuzwa kwa tani, na bei yake kwa mchimbaji ni ndogo. Haihitaji zebaki wala mashimo ya kuingia gizani. Hasara yake iko juu ya ardhi: kwa kuwa tabaka ni jembamba, uchimbaji hutambaa, ukiondoa udongo wa juu na malisho, ukiacha vidimbwi. Kwa mfugaji wa Kiorma au Kiwardei, hekta iliyochotwa hivyo si ya mifugo tena. Mvua zikija vidimbwi hujaa, na mtoto au ndama akiteleza humo hatoki. Sheria ileile ya 2016 inamtaka mwenye leseni aweke dhamana ya fedha kabla ya kuanza, ili mashimo yafukiwe hata kama kampuni itaondoka. Mzee wa kijiji ana haki ya kuuliza dhamana hiyo ni kiasi gani, imewekwa wapi, na ile asilimia 10 ya jamii inalipwa kwa nani. Hayo yaulizwe lori likiwa bado linapakia.